Mshauri wa Siri wa Wahunzi

Ray Dombeck alikuwa anamalizia samaki wa kukaanga ambaye hakuwa na mpango wa kumlipia, alipomwona mtu akizungumza na simu iliyokwisha kukatika.

Ilikuwa Ijumaa, ndani ya baa ya Kasia, upande wa kusini wa Milwaukee, na theluji nje ilikuwa imerundikana mpaka kwenye vitasa vya magari. Redio ya kaunta ilikuwa kwenye kipindi cha michezo. "Asante, Norb, tumekusikia, na wiki iliyopita pia tulikusikia," mtangazaji alisema, na papo hapo likaingia tangazo la matairi. Lakini mwisho wa kaunta, mzee mmoja mnene aliyevaa kofia ya sufu ya Wahunzi, timu ya kikapu ya mji huo, alikuwa bado ameishikilia simu sikioni.

"Na jambo la nne," alikuwa akisema, "kocha anamsimamisha Askew kwenye kona kama mtoto aliyekojoa darasani..."

Tangazo la matairi likaisha, likaja la magodoro. Mzee akafika jambo la sita.

Mtu mwenye moyo laini angeona huruma. Ray aliona mgodi.

Tumtendee haki: Ray hakuwa mwizi. Mwizi huvunja dirisha. Ray alifunguliwa mlango na kukaribishwa kahawa. Aliwahi kuuza viwanja vya makaburi vyenye mandhari ya ziwa mahali ambapo ziwa lisingeonekana hata marehemu angepanda juu ya msalaba wake. Aliwahi kuwa wakala wa jibini ambalo ng'ombe wake walikuwa hawajazaliwa. Katika shughuli zote hizo hakumtukana mtu, wala hakupandisha sauti, na alivaa koti la rangi ya ngamia ambalo peke yake lilimaliza nusu ya maongezi.

"Yule nani?" alimuuliza Kasia.

"Norb Zielke. Mwenye ukumbi wa boling pale kona. Mkewe alifariki, watoto wamehamia Arizona. Wahunzi wakicheza anakaa mstari wa mbele kabisa, viti viwili, tangu enzi za baba yake." Kasia alifuta glasi. "Usimsogelee kama una safari."

Viti viwili, mstari wa mbele! Ray aliweka uma chini taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kanisani. Maana huko Brookfield, kwenye nyumba za watu wenye nafasi, aliishi daktari wa meno aitwaye Todd Engebretson, na ndani ya gereji ya daktari huyo kulilala Cadillac ya kijani, ya zamani, yenye mapezi nyuma kama papa. Ray aliliona gari hilo siku aliyokwenda kumuuzia daktari kaburi. Kaburi halikuuzika, lakini Ray aliondoka pale akiwa mgonjwa wa mapenzi. "Siliuzi," daktari alimwambia. "Ila mtu akiniletea viti vya mbele vya Wahunzi, nampa ufunguo. Havinunuliki vile. Watu wanarithishana."

Ray alihamia kiti cha karibu na mzee.

"Jambo la saba ni lipi?" aliuliza.

Norb aligeuka. "Unasemaje?"

"Ulikuwa umefika la sita. Mimi nataka la saba."

Mzee aliishusha simu. Ilionekana kwamba jambo hilo halijawahi kumtokea, na hakujua aweke wapi mikono yake.

"Mzee Zielke," Ray alisema kwa sauti ya chini, "mimi niko na Wahunzi. Si kazi ya kutangaza. Kuna baraza la washauri, watu wachache, wenye macho. Kocha hampangi mtu kabla ya kulisikia baraza."

"Ndiyo maana wanacheza hovyo?"

"Wanacheza hovyo kwa sababu kuna nafasi moja haina mtu."

Hapo Ray akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa ufundi wake mkubwa. Maneno yalikuwa ya kupamba tu.

"Mimi?" Norb alisema.

"Nani mwingine? Tatizo ni moja, kanuni za ligi. Mshauri haruhusiwi kumiliki kiti uwanjani. Watasema anashauri kwa faida ya macho yake."

"Faida ya macho."

"Ndiyo lugha ya kanuni, mzee, mimi sikuitunga. Viti vinahifadhiwa na baraza. Kwa heshima zote."

Norb alitafuna mkate wake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nakubali. Lakini viti vya baba yangu siwezi kuwapa watu ambao hawajanisikia. Baraza linisikilize kwanza. Kila asubuhi, saa tatu, pale kwangu boling. Likiridhika, tunapeana."

"Haki kabisa," Ray alisema, akidhani ni kazi ya asubuhi mbili.

Asubuhi ya kwanza Norb alizungumzia mabega ya Wahunzi. Si wachezaji, mabega yao tu. Asubuhi ya pili alihamia kwenye mitupo ya adhabu, akainuka, akachukua mpira mzito wa boling kwa sababu ndio uliokuwa karibu, akaonyesha jinsi goti linavyotakiwa kukunjwa. Ray alirudisha miguu yake chini ya kiti. Hakuwa amewahi kutazama mechi ya kikapu toka mwanzo hadi mwisho. Kwake yeye ilikuwa watu warefu wakikimbia kwenda huku, halafu wakikumbuka kitu na kurudi.

"Viti, mzee," alisema alipopata upenyo.

"Tulia, bwana Ray. Hatujafika hata kwenye benchi."

Majuma yakapita. Waliifikia benchi. Walimfikia kocha, ambaye Norb alimjadili kwa masikitiko, kama shemeji mlevi. Walifika kwenye bei ya soseji uwanjani, na yule mtu aliyevaa vazi la tumbili anayerusha fulana wakati wa mapumziko, ambaye Norb alitaka apigwe marufuku na ikibidi afukuzwe jimboni. Na kila mara, kwa njia moja au nyingine, walirudi kwa Bundi, timu ya vijana wa Chuo cha Mtakatifu Brendan kule juu kilimani.

"Nikuulize, bwana Ray. Bundi wakifungwa wanafanya nini?"

"Wanasikitika?"

"Wanalia! Wanajifunika taulo wanalia. Wahunzi wakifungwa wanatazama simu. Sasa wewe ungempa nani moyo wako, anayelia au anayetazama simu?"

"Anayelia," Ray alisema, na akashangaa kwamba alikuwa amefikiri kabla ya kujibu.

"Askew alikuwa akilia. Nimemwona kwa macho yangu, mtoto wa mtaa huu huu. Akiwa Bundi alikuwa anaanzia kushoto. Kushoto, unanielewa? Mlinzi anadhani anatoka nje, kumbe mwenzake keshaingia, keshafunga, anarudi anatabasamu. Wahunzi wamemchukua simba, wamemfundisha kusimama kwenye kona." Mzee alivua kofia. "Namba kumi na nne, kwenye kona."

Ray alitoka pale akiwa na hasira, na mpaka anafika kituo cha basi hakuwa amegundua kwamba hasira yenyewe haikuwa ya viti.

Jumamosi iliyofuata aliingia baa ya Kasia kutazama Bundi kwenye televisheni. Alijiambia ni utafiti. Robo ya nne, kijana mmoja wa Bundi alipopokea mpira upande wa kulia, Ray alijikuta amesimama juu ya kikanyagio cha kiti chake akipiga kelele, "Kushoto, mwanangu! Kushoto!" Baa nzima iligeuka. Aliketi, akanyoosha koti, akaomba brandi.

"Umemsogelea, siyo?" Kasia alisema. "Nilikwambia."

Daktari Engebretson naye akaanza kupiga simu. Kuna mtu wa Chicago analitaka gari. Viti viko wapi? Ray akaenda boling akakaza uso.

"Mzee, baraza limeridhika. Tena limeridhika mno. Jumapili mchana linataka kuvikagua viti. Nakuja na mkaguzi."

Norb alimtazama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akafungua droo, akatoa kadi mbili za kuingilia, akamkabidhi bila neno la benchi wala la goti.

"Mimi nitakaa juu, kwa watu wa bei nafuu," alisema. "Huko mchezo unaonekana vizuri zaidi."

Jumapili ikafika. Viti vilikuwa karibu na uwanja kiasi kwamba Ray alisikia viatu vya wachezaji vikilia sakafuni. Kulia kwake alikaa daktari Engebretson, meno meupe, ufunguo wa Cadillac ukining'inia kidoleni. Kushoto kwake, kiti cha tatu, alikaa mtawa mzee mdogo wa umbo, msalaba kifuani, skafu ya Bundi shingoni, bakuli la bisi mapajani.

"Safi sana," daktari alisema. "Nitawaleta wateja wangu hapa. Watu wa bima. Wao mpira hawautazami, lakini wanapenda kukaa karibu."

"Hawautazami?" Ray aliuliza.

"Wanaongea biashara. Hebu mwone huyo kumi na nne. Gogo kabisa. Kazi yake kusimama kwenye kona. Nikishakuwa na viti hivi nitamzomea kila mechi mpaka wamuuze."

Ray alijua la kufanya. Mtu wa kazi yake hatakiwi kuwa na maoni. Maoni ni ya wateja. Alifungua mdomo ili akubali.

"Hasimami kwenye kona kwa kupenda," alisema. "Anasimamishwa."

"Samahani?"

"Yule anaanzia kushoto, daktari. Muulize yeyote aliyemwona akiwa Bundi. Mlinzi anadhani anatoka nje, kumbe keshaingia. Tazama goti lake! Goti la mtu anayetaka kwenda kushoto hulioni?"

"Bwana Dombeck, mimi ni daktari wa meno."

"Basi shughulika na meno!"

Mtawa aliacha kutafuna bisi.

Daktari alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa busara, na alitaka viti. "Sikiliza," alisema, akiushika mkono wa Ray na kuuweka ufunguo katikati ya kiganja chake. "Sihitaji mahubiri. Gari liko nje, mlango wa kaskazini, tangi limejaa. Liko mkononi mwako. Niambie viti ni vyangu, kisha kila mtu ashike njia yake."

Ufunguo ulikuwa na joto la mkono wa daktari. Ray aliufumbata. Aliliona gari, mapezi yake, yeye mwenyewe ndani yake akikata barabara ya ziwani madirisha wazi. Aliona pia watu wa bima wakiongea biashara, na daktari akimzomea Askew kila mechi, kwa miaka yote ambayo meno yangeendelea kuoza Brookfield. Mbele yake namba kumi na nne alisimama kwenye kona, mikono kiunoni, akitazama benchi kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

"Chukua," Ray alisema, akimrudishia.

"Una wazimu?"

"Haviuzwi."

Daktari Engebretson alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akasema neno moja ambalo mtawa alijifanya hakulisikia, akaondoka.

"Umefanya vizuri," mtawa alisema. "Maana visingeuzika."

"Unasemaje, Sista?"

"Viti hivi vitatu ni vya shirika letu. Baba alituachia sisi masista, si Norb. Alijua Norb angeviweka rehani kwa hasira siku Wahunzi wakifungwa. Mimi ni Sista Bernadette, dada yake. Norb huvikalia kwa hisani yangu." Alimsogezea bakuli. "Chukua bisi, umepauka."

Ray alichukua bisi. Katika maisha yake marefu ya kuuza visivyokuwepo, hakuwa amewahi kuuziwa kimoja mpaka siku hiyo.

Wakati wa mapumziko Norb aliteremka ngazi akihema, soseji mkono huu na mkono huu, akampa Ray moja kama vile walikuwa wamepanga.

"Ulijua lini?" Ray aliuliza.

"Asubuhi ya pili. Uliniuliza golikipa wetu ni nani."

"Na ukaniacha nije kila siku?"

"Ningefanyaje?" Norb aliketi kwenye kiti cha daktari, kikalia kwa uzito wake. "Kijana, tangu mke wangu Arlene aondoke hakuna binadamu aliyenisikiliza mpaka mwisho. Redio wananipa dakika. Bernadette anasali nikianza."

"Nasali nikiwa macho," Sista Bernadette alisema. "Nasikia yote."

"Nikasema, huyu anataka viti visivyo vyangu, mimi nataka masikio yake. Nani anamwibia nani?" Norb aliuma soseji. "Ila leo, nikiwa kule juu, nilikuona ukirudisha ufunguo. Sikutegemea. Nilikuwa nimeshajiandaa kukucheka."

Ray alitaka kusema kitu cha heshima, cha mtu aliyeshindwa kwa haki. Lakini timu zilikuwa zinarudi uwanjani, na kocha, labda kwa kuchoka, labda kwa bahati mbaya, alikuwa amempeleka Askew upande wa kushoto. Mpira ukamfikia. Mlinzi akadhani anatoka nje.

Watatu walisimama kwa pamoja. Bisi zikamwagika mpaka mstari wa pili.

Wahunzi walifungwa siku ile, na walifungwa vibaya. Lakini jambo hilo lilikuwa na maelezo yake, na mengi yake yalihusu benchi. Nje, kwenye theluji, mlango wa kaskazini ukiwa mtupu, Cadillac imeshaondoka, Sista Bernadette alimfunga Ray kola ya koti kama mtoto wa shule, na Norb akasimama pembeni akikwaruza ardhi kwa kiatu.

"Sasa viti hakuna, gari hakuna," mzee alisema. "Najua huna sababu tena. Lakini kama hutakuwa na shughuli kesho... saa tatu?"

Ray alinyoosha koti.

"Saa mbili," alisema. "Mambo ya leo ni mengi."