Nilivyoisingizia Samli ya Mama Mkwe

Leo nimeaibika, na wa kulaumiwa ni pua yangu.

Juzi mama mkwe alituletea kopo la samli kutoka Chonyonyo. Samli ya kienyeji, yenye harufu yake. Leo baada ya chai ya asubuhi jikoni kukaanza kunuka kama yai viza. Nikasema ni samli hiyo. Baba Koku, mume wangu, akasema hasikii kitu (ana mafua, yeye hana kosa). Nikalitoa kopo nje, nikaliacha wazi chini ya migomba lipungue harufu.

Harufu ikabaki jikoni. Nikajua imeshaingia ukutani. (Ndivyo nilivyowaza. Nina diploma.) Nikaamua kukaanga buni, moshi wa kahawa uifukuze. Nikaweka kikaango juu ya jiko la gesi, nikashika kiberiti.

"Hodi." Mama mkwe huyo mlangoni, anatoka sokoni.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alinusa mara moja tu. "Weka kiberiti chini. Hiyo ni gesi."

Mkono wangu ukaenda kwenye swichi, nipate kuona vizuri.

"Na taa usiguse."

Akafunga mtungi, akafungua milango na madirisha, akatutoa wote nje. Harufu ilipokwisha kabisa akarudi, akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, akafungua mtungi kidogo. Pale mpira unapoungana na mtungi pakaanza kutoa mapovu. Akafunga tena. Niliogopa kweli.

"Mama Koku, harufu hukuisikia?"

"Niliisikia, mama."

"Ukadhani ni nini?"

Nilikuwa radhi gesi irudi kuliko kujibu. Baba Koku, mtu niliyefunga naye ndoa kanisani, akajibu kwa niaba yangu: "Alisema ni samli yako."

"Iko wapi?"

Nikaonyesha migombani. Tukaenda wote watatu. Mbwa wa jirani alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya kopo. Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Huyu anaijua harufu ya samli," akasema, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Fundi ameshabadilisha mpira. Nyumba ipo, sisi tupo, samli hakuna. Msinicheke. Anayejua namna ya kumwomba mama mkwe radhi kwa simu, aandike hapa chini, maana nimeshapiga mara mbili na nimekata kabla hajapokea.