Blanketi la Mama Kabura

Jumatatu, 8 Julai 1996

Nyeri. Baridi kali, ukungu hadi mlangoni. Jumamosi tunapeleka mahari kwa kina Kabura. Wachumba wengine hununua blanketi dukani wampe mama mzazi, kwa ajili ya ule mgongo uliombeba binti. Mimi ni fundi wa nguo! Nimetangaza mbele ya watu kwamba la Mama Kabura nitalishona mwenyewe: viraka juu, pamba katikati, flaneli chini. Kabura alifurahi mpaka akalia. Sijakata hata kiraka kimoja.

Wachuka, fundi mwenzangu hapa verandani, ananishauri nianze leo kupiga bandi, yaani kushikiza matabaka yote kwa mkono kabla ya kupitisha cherehani. Amejitolea kunisaidia. Nimekataa. Anatafuta sifa, huyo.

Jumatano, 10 Julai

Nimeokoka! Mama mmoja Mzungu wa Naro Moru anahama, anauza vifaa vyake vya kushonea. Nimerudi na mkebe wa gundi ya kupuliza. Unapuliza, unabandika, matabaka yanatulia bila sindano.

Wachuka amesoma maandishi ya mkebe bila kuombwa. Ati gundi hii inashika kwa muda tu, fundi apate kushona, kisha inaisha yenyewe. Ati puliza kidogo, tena mbali na moto. Kwa muda! Kwani sherehe ni ya wiki ngapi? Nitapiga cherehani pembeni tu. Viraka vya katikati vitakaa kwa gundi. Nani atakagua blanketi lililokunjwa?

Alhamisi, 11 Julai

Wachuka amenilazimisha kuzima jiko kwanza. Nimetetemeka kwa baridi na hasira. Nimepuliza mkebe wote. Sakafu inanata. Mteja amekuja kuchukua suruali, ameacha ndara moja. Kuku wa jirani amepita juu ya flaneli. Nimetoa manyoya niliyoyaona.

Lakini blanketi! Limependeza kweli. Kabura alipita jioni, akalipapasa. Kisha akasema mama yake hajawahi kushonewa kitu tangu azaliwe. Nilisikia aibu kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika kwa huzuni. Mambo yalianza vizuri. Baba mdogo Kingori, msemaji wetu, aliisifu mikono yangu mpaka mwenyewe nikaamini. Nilidhani blanketi litapelekwa moja kwa moja chumbani. Nilisahau wanawake wa kwao. Mashangazi walilikunjua, wakamfunika Mama Kabura mabegani, wakamwinua wacheze naye.

Kiraka cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikamng'ang'ania shangazi mkononi. Pamba ikateremka yote, ikajaa pindoni kama viazi kwenye gunia. Wimbo ukakatika. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Mama Kabura aliokota kiraka, akakinusa, akaniuliza taratibu: "Theuri, hii blanketi umeshona ama umelamba kama stempu?"

Nilijibu kwamba ni utaalamu mpya. Bora ningenyamaza.

Alilikunja akanirudishia. Wazee wakasema mengine yote yamepokelewa, ila siku ya harusi haitatajwa mpaka blanketi lirudi. Baba mdogo akaomba tununue jingine dukani. Mama Kabura akakataa. "Mimi nilibeba huyu msichana na baridi ya hapa. Sitaki ya duka. Nataka hiyo, na iwe na uzi."

Kabura hakuniangalia hata mara moja.

Jumapili, 14 Julai

Nilidhani nimempoteza. Baada ya ibada akaja mwenyewe, na sindano na kibonge cha uzi. Hana hasira, anasema, amechoka tu. Ameshaongea na Wachuka. Tutapiga bandi sote watatu, kila jioni, mpaka liishe.

"Wewe shona tu, Theuri. Mimi nitangoja."

Moyo wangu ukayeyuka. Nampenda sana msichana huyu. Nimemwambia aende nyumbani apumzike, mambo yote aniachie mimi.

Kisha nimekaa nikafikiri kwa makini. Kosa lilikuwa moja tu: gundi ilikuwa ya muda. Nimemfuata fundi wa viatu hadi kwake. Yeye ana ile inayoshika soli za gumbuti, haibanduki hata kwenye matope. Amenipa kopo zima. Kesho asubuhi, kabla Wachuka hajafungua, nabandika kila kitu upya.

Sindano ya Kabura nimeihifadhi vizuri, iwe kumbukumbu.