Tumbo la Kaloki na Mashine ya Daktari Waziri

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Daktari Waziri ametangaza mtihani wa Ijumaa. Anataka kujua nani kati yetu matabibu wanafunzi bado anaikumbuka altrasaundi aliyotufundisha mwanzo wa mwaka: kutafuta damu iliyovujia tumboni kwa mtu aliyeumia. Wakati ule niliongoza. Dolphine alikuwa wa pili. Tangu hapo sijaigusa mashine. Aliyeongoza arudie nini?

Leo nimeijaribu kwa siri. Kioo kizima ukungu, kama Machakos mwezi wa Julai.

Nina mbinu lakini. Kila mtu ataleta mtu wake wa kupimwa. Binamu yangu Kaloki, mpishi wa hoteli kule Diani, ni mwembamba. Nitalikariri tumbo lake.

Jumatano, 7 Oktoba

Kaloki amekuja. Nilimwambia asile. Anasema hakula, alionja tu. Ameonja maharagwe, kabichi na mayai ya watalii. Tumbo gesi tupu, na gesi haipitishi picha.

Dolphine akachungulia, akauliza kama nataka msaada. Yeye hufanya mazoezi kila asubuhi kabla ya zamu. Nikamjibu kwamba namfundisha binamu yangu. Kaloki, kwa uaminifu wake, akasema ni kweli, ila bado hajaelewa kitu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mtihani umevunjika. Mzee Dzombo, mgema wa Kinondo, ameanguka kutoka juu ya mnazi. Ameletwa akitoka jasho baridi. Daktari akaniambia nianze mimi. Nikaona weusi wa majimaji kati ya ini na figo. Nikasema ni kibofu cha mkojo.

Dolphine akanisogelea. "Kibofu kimepanda huku juu lini, Mwangangi?" akaniuliza kwa upole.

Ilikuwa damu. Akaendelea yeye, mkono umetulia kama wa mtu anayepaka mkate siagi. Mzee akakimbizwa kupasuliwa. Bandama ilikuwa imepasuka. Mimi nilishika chupa ya maji aliyotiwa mshipani njia nzima, nikiomba Mungu. Yuko hai. Nimelia kidogo msalani.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimemwamkia Mzee Dzombo wodini. Akaitika marahaba, akanishukuru mimi kwa kuiona damu. Nikamtazama Dolphine. Akatabasamu, akaniacha nipokee.

Baadaye akanisihi niwe nikifanya naye mazoezi asubuhi, maana mkono husahau upesi. Ni dada mwema. Nimemwambia asijisumbue. Jambo likishanifedhehesha namna ile, halinitoki tena.

Daktari anatafuta wa kuwafundisha wanafunzi wapya mwezi wa Machi. Nimejitolea. Mpaka wakati huo mashine na ipumzike.

Nimesahau tu kumuuliza Dolphine kama ini liko kulia au kushoto.