Shemeji, Njoo na Homa

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Nimepanda cheo! Au tuseme nimo njiani kupanda. Asubuhi meneja wa ghala katangaza kwamba ofisi kuu inataka Msimamizi wa Afya Getini. Wa kudumu. Wa mchana! Kazi yenyewe ndiyo hii ninayoifanya tangu ugonjwa uingie: kuwapima joto madereva wa malori kabla hawajaingia kupakua, kuwaelekeza kwenye maji na sabuni, kuwafokea wanaovaa barakoa kidevuni. Ijumaa mkaguzi anakuja na beji.

Beji ni yangu. Ya nani mwingine? Kipimajoto nimekizoea hadi nikifika nyumbani mkono unawasha kumpima paka.

Mke wangu nimemwambia nimeshapata. Uongo mdogo tu, wa kufika Ijumaa. Alifurahi mpaka akakaa chini. Kabla ya ugonjwa nilikuwa lindo la usiku, nyuma ya ghala. Nikirudi, yeye anatoka. Binti yetu alikuwa akiniita "yule anayelala". Siku hizi jioni tunakula wote watatu, na binti ananisimulia habari za shangazi yake na kuku wake wote. Sitaki kurudi usiku. Naandika wazi kabisa: sitaki!

Jumanne, tarehe 9 Juni

Balaa! Injinia naye anaitaka kazi. Injinia si injinia hata kidogo. Ni dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo, aliyewahi kutengeneza kengele ya geti, jina likamganda. Leo kaja getini kwa mapozi, glavu mpya mkononi, akauliza kwa sauti, meneja akisikia, kama nimewahi kumkamata mgonjwa hata mmoja.

Sijawahi. Nifanyeje? Madereva wangu wote wana afya ya kuudhi. Wiki jana mmoja alipiga chafya, roho ikanidunda kwa furaha. Kumbe vumbi la saruji.

Meneja alicheka. Kicheko kile sikukipenda.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Nimepata! Nimepata! Mbele ya mkaguzi lazima nikamate mtu mwenye homa. Homa haipo? Itatengenezwa. Wala hapana haja mtu augue, paji la uso tu ndilo lipate moto.

Shemeji, kaka yake mke wangu, ni dereva wa lori, na Ijumaa analeta mzigo hapa hapa. Nimempigia simu. Nimemwambia kabla ya kufika afunge vioo vyote, azime kiyoyozi, ainamishe kichwa kwenye dashibodi jua likiwaka. Mimi nitampima, nitapiga ukelele, nitamtenga pembeni. Akishapoa nampima upya, anaingia, anapakua, anakwenda zake. Nani kaumia hapo?

Shemeji aliniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia ni kwa ajili ya dada yake. Akakubali kwa shingo upande.

Jioni baba mkwe kapiga simu kunipongeza. Kaniita "daktari". Sikumkatiza. Mtu mzima yule.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Injinia ana kimbelembele! Kachora mistari ya rangi pale wanaposimama madereva, ili wasibanane. Imenyooka kabisa. Imeniuma. Nikajifanya nimejikwaa, ndoo ya maji ya sabuni ikamwagika yote juu ya mistari. Rangi ilikuwa imeshakauka. Sasa mistari inang'aa, na meneja kamsifu Injinia kwa usafi.

Usiku nimefanya mazoezi ya ukelele mbele ya kioo. Binti kaingia kuuliza nani kaniibia. Mke wangu kalipiga pasi shati langu la kesho mara mbili.

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Yarabi!

Mkaguzi alifika mapema, mama mmoja mpole, kalamu kaichomeka kwenye kilemba. Meneja na Injinia nyuma yake. Shemeji haonekani! Nikakimbia hadi barabarani kutazama. Nikarudi. Nikakimbia tena. Jua la utosi, barakoa mbili, na koti zito nililoliazima ili nionekane mtu wa maana.

Hatimaye lori hilo. Nikamwamuru dereva ashuke, nikainua kipimajoto, nikavuta pumzi ya ukelele. Nyuzi thelathini na moja! Nikapima tena. Thelathini!

Kumbe lori la shemeji ni la friji. Anabeba samaki wa barafu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza anabeba nini. Alijikaanga juani kama tulivyopanga, maskini, lakini karibu na geti akasikia maboksi yameporomoka, akaingia ndani kuyapanga upya. Akatoka na nyusi nyeupe.

Mkaguzi akachungulia namba. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwa kipimo hiki dereva ni marehemu. Injinia alicheka hadi akashika ukuta. Nikasema kifaa kimeharibika. Mkaguzi akasema basi tukijaribu kwa mtu mwingine, akakielekeza kwangu.

Thelathini na nane na nusu! Kikapiga kelele ambazo mwaka mzima sijapata kuzisikia. Nikaapa kwamba ni jasho na koti. Akasema wote huapa hivyo.

Nimo chumba cha kutengwa, nilichokifagia mwenyewe asubuhi. Shemeji yuko chumba cha pili, kwa kosa la kusimama karibu nami.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Majibu yametoka. Hatuna ugonjwa, kesho tunatoka. Meneja kaja dirishani kuniambia. Kisha akaniambia na jingine, na bora angenyamaza. Jina langu lilipitishwa tangu Jumatatu jioni. Walitaka kunishtukiza. Mkaguzi alikuja kunivalisha beji tu! Sasa kaivaa Injinia, kwa majaribio ya mwezi mmoja, na mimi narudi lindo la usiku.

Mke wangu kaja kwenye uzio. Nikamwambia yote, na ule uongo wa Jumatatu. Akanipa mgongo. Nikadhani anaondoka. Kumbe anajizuia kucheka, na aliposhindwa alicheka mpaka machozi. Akasema binti ataamshwa mapema, na chai ya asubuhi tutakunywa watatu kabla sijalala. Nikalia ndani ya barakoa. Nampenda sana mwanamke huyu. Nikamwapia kwamba hila basi, mpaka naingia kaburini.

Akaondoka. Nikakaa. Nikawaza.

Majaribio ya mwezi mmoja! Mwezi una siku nyingi. Na mpango wenyewe, ukiutazama vizuri, haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa lori.

Nimemgongea shemeji ukutani. Nimemuuliza kama ana rafiki anayebeba lami ya moto.

Hajajibu. Lakini hajakataa.