Kwa Mujibu wa Mate, Mimi Ni Baba Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimerudishwa tena kutoka dirisha la nne la ofisi ya uraia. Mama wa Dirisha la Nne ana heshima zake, ananiita kaka, anatabasamu, kisha anasukuma faili langu nje kama sahani chafu. Anasema baba yangu ni raia, hilo halina ubishi. Ubishi ni kama huyo baba ni wangu. Cheti cha kuzaliwa kiko wapi?

Nikamweleza. Nimezaliwa ng'ambo ya mpaka, chumbani, jirani ndiye aliyekuwa mkunga, cheti hakuna aliyekikumbuka. Mama, Mungu amrehemu, alinilea huko mpaka nikaota ndevu. Ndipo nikavuka na begi moja, nikagonga mlango wa baba. Baba akafungua, akaniangalia, akasema ingia, usikanyage gundi. Basi! Ndiyo makaribisho. Tangu siku hiyo ananiita "wewe".

Mama wa Dirisha la Nne akasema mbona rahisi: nije na baba, aape mbele yake, tukapimwe mate maabara, kwisha kazi.

Rahisi kwake! Mimi na baba tunaishi nyumba moja, lakini hatusemezani. Yeye ni fundi wa makochi, karakana yake imepakana na saluni yangu, ukuta mmoja. Lakini Jumamosi nimemwona kwa macho haya akitoka kwa Kiwembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kanyolewa, kapakwa poda, anang'aa. Baba yangu mzazi! Nimeapa sitamwomba kitu, hata maji ya kunywa.

Na mwenye nyumba kasema wazi: bila kitambulisho cha uraia, mkataba wa saluni hausainiwi upya mwisho wa mwezi. Kiwembe kashasikia. Leo kaja na futi, anapima ukuta wangu huku ananiuliza habari za asubuhi.

Sawa. Nitajithibitisha mwenyewe.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango wa sura. Akili imenijia nikipiga mswaki. Mtu akifanana na baba yake, cheti cha nini?

Baba ana upara wa utosini na nywele pembeni. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, vioo viwili, mashine namba sifuri, nikajichonga upara uleule. Kazi safi sana, hata Kiwembe hawezi. Kisha nikaanza mazoezi ya kuchechemea, maana baba anachechemea mguu wa kushoto.

Dada yangu, mtoto wa baba kwa mama mwingine, anayeshona foronya za makochi mle karakana, kaniletea chai. Kaniona, kamwaga chai. Kauliza ni ugonjwa gani. Nikamfafanulia. Akanikumbusha kwamba baba hakuzaliwa akichechemea, aliangukiwa na kochi la watu watatu. Akataka kujua kama kochi nalo limepita kwenye damu. Halafu akaniita Mipango, jina ninalolichukia, akaondoka akicheka.

Wivu tu. Nimemwomba picha ya baba, kanipa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mungu wangu. Sikuitazama picha kabla ya kwenda! Nilichechemea mpaka dirishani, nikavua kofia, nikaweka picha kando ya kichwa changu, nikatulia ili nifananishwe.

Picha ni ya baba akiwa kijana. Nywele kichaka. Amesimama juu ya ngazi kwa mguu mmoja!

Mama wa Dirisha la Nne akatazama picha, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba pengine tulifanana kabla sijanyoa. Akashusha pumzi. Akasema kama baba ni mzito kuja, basi nianze walau na mzee yeyote aliyekuwepo nilipozaliwa.

Mzee! Wazee ninao tele. Wananyolewa kwangu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Leo sitaki kuiandika, lakini nitaiandika.

Nimempeleka Babu Mvi, muuza miwani, mteja wangu wa siku nyingi. Nywele pamba tupu, mgongo umepinda, sauti inakwaruza. Nilimfundisha kila kitu cha kusema. Alichemsha maji. Alisikia nikilia mara ya kwanza. Alimpelekea baba habari, baba akarukaruka kwa furaha. Babu Mvi kasema yote bila kukosea, kaongeza na machozi yake mwenyewe, sikumfundisha. Mama wa Dirisha la Nne kaguswa, katoa leso. Kisha kaomba kitambulisho cha shahidi.

Babu Mvi kakitoa.

Babu Mvi amezaliwa miaka miwili baada yangu!

Mama wa Dirisha la Nne akauliza haya maji aliyachemsha akiwa wapi. Tulitoka bila kuaga. Nje nikamkaba, mbona hakuniambia? Akajibu kwamba sikumuuliza, kwao mvi zinaanza mapema. Na mimi kinyozi! Miaka yote hii namtanguliza kwenye foleni, namwinamia, namwamkia shikamoo. Na yeye anaitikia marahaba, tena kwa kuvuta!

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Dada hajui kufunga mdomo. Kamweleza baba habari yote. Baba kaweka nyundo chini, kavaa shati la kutokea, kaenda maabara, katoa mate yake, karudi, kaokota nyundo. Mimi zamu yangu kesho.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Nimemnyoa mteja upande mmoja nikasahau wa pili.

Je, mate yakikataa? Mama hakuwa mwongo. Lakini mama hayupo nimuulize, na ile mashine haimjui mama. Ikisema hapana, si saluni tu inayokwenda. Nitakuwa nimekaa kwa mtu baki miaka yote hii, nakula mkate wake, nakanyaga gundi yake. Nimeogopa. Naandika hivyohivyo: nimeogopa.

Lazima kuwe na njia ya kutoshindwa.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Ipo! Ipo! Mimi ni kichwa!

Mpimaji kanipa kijiti chenye pamba, kaniambia nijisugue shavuni kwa ndani. Simu yake ikalia, akanipa mgongo. Hapohapo nikachomoa mswaki wa baba mfukoni, bado mbichi, nikausugua na kijiti mpaka pamba ikalowa. Sasa mate ya baba yatalinganishwa na mate ya baba. Yatakataaje?

Nimeurudisha mswaki kwenye kikombe chake kabla hajajua. Nimefagia saluni naimba. Nimemwambia Kiwembe, kutoka mlangoni, akunje futi yake.

Jioni baba kamuuliza dada mbona mswaki wake una nywele. Dada akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Jumanne, tarehe 18 Juni

Majibu yametoka. Mama wa Dirisha la Nne kayasoma, kavua miwani, kaisafisha, kasoma tena. Kawaita wenzake wa dirisha la tatu na la tano. Kisha kaniuliza taratibu kama mimi ni baba yangu.

Maabara imesema sampuli zote mbili ni za mtu mmoja.

Nikajitetea kwamba tunafanana sana. Wa dirisha la tano kanipa hongera ya kupata mtoto mkubwa hivi. Walicheka mpaka mlinzi kaja kuchungulia. Lakini Mama wa Dirisha la Nne hakucheka. Kasema huu ni udanganyifu, na faili la udanganyifu linafungwa, na likifungwa mimi narudi ng'ambo ya mpaka. Kesho nije na baba, la sivyo nifunge mizigo. Huko ng'ambo sina mtu tena.

Dada kamwambia baba. Baba kaja saluni, kasimama mlangoni. Nikajua leo nimekwisha. Akauliza swali moja tu: mswaki upi. Nikamwambia. Akafikiri. Akauliza kama ni huu anaoutumia wiki nzima. Nikasema ndiyo.

Akatoka nje akatema mate kwa muda mrefu sana.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Baba kavaa koti. Tukaongozana mpaka dirisha la nne.

Mama wa Dirisha la Nne kamwamkia, kampa kiti, kamuuliza kama ana hakika na mtu huyu, ukizingatia hana cheti, na ukizingatia vituko vyake. Nilitazama viatu vyangu.

Baba akasema. Akasema siku ile nilipogonga mlango, kabla sijamaliza maji ya kunywa, nilimwambia kochi lake limepinda, nikalitegemeza kwa nyundo yake mwenyewe ili nimwonyeshe linavyonyooshwa. Likamwangukia mguuni. (Kumbe hajasahau.) Akasema mtu anakuvunja mguu siku ya kwanza, na bado kila jioni hulali mpaka umesikia mlango wake umefungwa. Huyo utamwita nani? Akagonga dirisha kwa kidole, akamwambia Mama yule aandike: ni mwanangu, na aibu zake zote ni zangu.

Nimelia. Nimelia mbele ya foleni nzima, kamasi zimefika kwenye faili. Mama wa Dirisha la Nne naye leso ilimtoka. Akasema faili linabaki wazi, ila tupimwe upya. Safari hii mpimaji alishika kijiti yeye mwenyewe, mlinzi kanishika mikono, na mifuko yangu ilipekuliwa hadi ya soksi, ingawa soksi hazina mifuko.

Alhamisi, tarehe 27 Juni

Mimi ni wake! Maabara imesema, muhuri umegongwa! Mama hakukosea. Nimekimbia na karatasi barabara nzima, nimemwonyesha hata Kiwembe.

Ombi limepita. Faili limepanda kwa wakubwa kusainiwa, kitambulisho kitatoka wiki ijayo, na Mama wa Dirisha la Nne kanipa barua ya kumpelekea mwenye nyumba. Mwenye nyumba kaisoma, kakubali kusubiri. Hakuna kilichobaki ila kukaa. Baba bado atanyolewa kwa Kiwembe, kasema undugu kando, kichwa ni chake. Sijali.

Maana tulipotoka ofisini alinishika bega, akasema: mwanangu, sasa tulia, usifanye kitu chochote. Nikamwahidi. Nikamwapia.

Mwanangu! Barabarani, watu wanasikia! Sasa mtu aliyeitwa hivyo atakaaje amekunja mikono? Wale wakubwa wanajuaje kama nina haraka? Nimeshaipata namba ya simu ya ofisi. Kesho asubuhi nitapiga kwa sauti nzito, nijitambulishe kama mkurugenzi kutoka makao makuu, niulize kwa ukali faili la yule kinyozi hodari limekwama wapi. Nimefanya mazoezi ya sauti mbele ya kioo. Inatisha. Mama wa Dirisha la Nne hawezi kunijua hata kidogo.