Wabeba Ingobyi Tunaomba Daraja Liondolewe

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Komini,

Pokea heshima zetu. Mimi ni Venansi, mkulima na katibu wa kikundi cha wabeba ingobyi wa kilima chetu hapa katika komini yako ya Buhinyuza. Ingobyi, kwa wageni wa ofisini kwako, ni machela ya kusuka tuliyopelekea wagonjwa na wajawazito kituo cha afya kwa miaka kumi na sita, mabegani.

Kwanza tunakupongeza kwa daraja la kijitoni na barabara ya changarawe. Sherehe ilifana. Utepe ulikuwa mrefu kuliko daraja, na hotuba zilikuwa ndefu kuliko barabara. Baada ya pongezi hizo, tunaomba daraja liondolewe. Sababu zetu ni hizi:

1. Hatuna kazi. Tangu gari la wagonjwa lianze kufika, ingobyi imelazwa nyuma ya nyumba ya mwenzetu Egidius, na kuku wanatagia humo.

2. Desturi imekufa. Zamani mgonjwa akipona alitualika sote, tukanywa pombe yake ya ndizi na kumsimulia jinsi alivyokuwa mzito. Sasa anampungia dereva mkono, basi. Dereva mwenyewe, Fredi, ni mlokole na hanywi. Tumemwuliza mara mbili.

3. Tumevunjiwa heshima. Wiki iliyopita Emérance, mama wa Kivu, kule Kongo, anayeuza dagaa sokoni kwetu, aliugua tumbo. Tulifika kwake wanaume wanane, tumejipanga, mayai tumeyatoa. Akatutazama, akasema: "Venansi, mi niko mgonjwa, siko maiti. Itaka ambulansi inichukue." Alisema hivyo mbele ya majirani.

4. Ujirani umeharibika. Mtu aliyetaka kugombana na jirani alifikiri sana, maana mabega ya jirani ndiyo yangembeba siku ya siku. Jirani yangu Longino sasa anasogeza mpaka wa shamba lake bila hofu, kwa kuwa gari la wagonjwa haliulizi habari za mipaka.

5. Shemeji yangu Nazario, wa Ryansoro kule Gitega, bado anabeba. Hunipigia simu kila Jumapili, anahema, ananitajia vilima alivyopanda. Mimi nimjibu nini? Kwamba nilikaa?

Kwa hiyo tunaomba mbao za daraja zing'olewe. Kama mbao ni mali ya serikali, basi changarawe izolewe na tope lirudishwe. Tutalileta wenyewe Jumamosi, siku ya kazi za pamoja. Na kama hata hilo ni gumu, gari la wagonjwa livuliwe magurudumu, sisi tutalibeba pamoja na mgonjwa na Fredi ndani.

Tunajua una moyo wa kusikiliza, kwa kuwa ulitusikiliza tulipolia kwa miaka kumi na mitano kuomba daraja hilohilo.

Wasalimie wote ofisini, hasa mpiga picha aliyefanya watu thelathini waonekane mia tatu.

Wako katika utii,
Venansi, Katibu
Kwa niaba ya wanachama kumi na wanne

N.B. Hayo ya juu nimeandika kama katibu. Wanachama wamesomewa, wakapiga makofi. Haya naandika peke yangu. Mwaka tuliorudi kutoka ukimbizini Tanzania tulimbeba mke wangu, Jeska, akiwa na uchungu wa kuzaa. Kijito kilikuwa kimefurika, tukasubiri ng'ambo hii saa nne nzima maji yapungue. Jeska alifika. Mtoto hakufika. Inaniuma mpaka leo. Juzi binti yetu Providence alipita palepale ndani ya gari la Fredi, akajifungua mtoto wa kike, wote wazima, kabla sijamaliza kuwafunga mbuzi nimfuate. Mheshimiwa, mbao mbili za daraja, upande wa kwetu, zimeanza kulegea. Tafadhali tuma misumari kabla ya mvua. Nyundo ninayo.