Jeli Yenu Iliyoko Chumba cha Nyuma

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Maabara,

Naomba radhi kukuandikia bila kujuana. Mimi ni fundi cherehani mstaafu, baba wa yule mtafiti wenu mrefu anayetembea haraka. Paa la maabara yenu lilipoanza kutengenezwa, binti yangu aliniletea kipande cha jeli ndani ya chombo cha kioo, akakiweka chumba cha nyuma kwa kuwa hakuna joto. Alinieleza kwamba ni polima, kitu cha kemikali tu, ila kimetengenezwa kiige viumbe hai. Kikipata joto hunywea, kikipoa huvimba, na kikiwa kwenye dawa yake hudunda chenyewe, taratibu, kama moyo wa mtu aliyelala. Nilikipokea kwa roho safi. Sasa yamenifika shingoni, na malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuelezwa adabu zake. Naingia kuchukua ufagio, nakuta kitu kinadunda. Nikipita kimya najiona mkorofi. Nikikisalimu najiona nimechanganyikiwa. Kwa sasa najikohoza kidogo, kila mmoja achukulie atakavyo.

2. Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, hataki kusikia kwamba hakina uhai. Hubisha hodi kabla ya kuingia humo. Juzi alinikataza kugomba kwa sauti, eti, "Kuna mgeni." Mimi sijawahi kunyamaziwa hivyo hata nikiwa na homa.

3. Nilimweleza kinyozi wetu, mbele ya wateja wake, kwamba kitu hicho hakiishi, kinaitikia tu. Akafikiri, akasema, "Mzee, na wewe ukimwagiwa maji ya moto si unanywea? Tofauti yenu ni suruali." Sasa nikipita pale naulizwa hali ya pacha wangu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Tangu mama yake atutoke, binti yangu alikuwa akija kwa nadra, anasimama mlangoni na funguo za gari mkononi, anauliza kama nimekula, anaondoka. Siku hizi anakuja kila jioni, na anapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. "Kimeamkaje leo?" anauliza. Mara ya kwanza sikusikia vizuri, nikajibu, "Salama, mwanangu, ila goti linasumbua." Anakibadilishia dawa, anafuta kioo, anakiinamia kwa subira ambayo sikujua kama anayo. Nilipokaribia nione, aliniomba nisogee kando, nisije nikakitikisa.

5. Kwa hiyo, kama mnatafuta vitu vinavyoiga viumbe hai, nashangaa mliniruka vipi. Asubuhi kukiwa na baridi najikunja, jioni miguu inavimba, mchana nageukia dirisha lenye mwanga. Nikiguswa naitika. Tangu nibaki mgane naamka, navaa, nachana nywele, na mtu akinitazama kwa mbali atasema huyu yu hai. Yote hayo nayafanya bila dawa wala chombo cha kioo, na hakuna aliyekuja kunipima.

Naomba basi mkichukue kitu chenu kabla ya wiki kwisha. Mkishindwa, naomba niandikishwe mimi kuwa kielelezo cha utafiti, nipangiwe mtafiti wa kuniangalia kila jioni, na ikiwezekana awe huyohuyo mrefu.

Nakutakia kazi njema wewe, watafiti wako wote, mlinzi wa getini na mafundi walioko juu ya paa. Dada yangu naye anawasalimu, ingawa amekataa kutia sahihi.

Wako katika usumbufu,
Baba wa mtafiti wenu

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, binti yangu ameingia na habari kwamba paa limekwisha na gari litakuja kesho kukichukua. Nikamwambia naona hakidundi vizuri, safari itakiumiza. Akakitazama. Kilikuwa kinadunda vizuri kabisa. Kisha akanitazama mimi. Akavuta kiti, akakaa, akauliza kama kuna chai. Tumekaa hapo, sisi wawili, mpaka vikombe vimepoa, na amesema atakuombeni kibaki kidogo. Tafadhali mkubalie, na yote niliyoandika hapo juu yahesabiwe kuwa hayakuandikwa. Na kama mna kingine ambacho hakina pa kuwekwa, chumba cha mbele nacho hakina mtu.